Barabara ya moto kuzunguka shamba: namna tunavyoitengeneza huku Muheza

Barabara ya moto ya kwanza niliyotengeneza ilikuwa mkanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba, upana wa mita sita, imefyekwa vizuri, na moto uliivuka kama vile haipo. Ilikuwa Septemba, pepo za kusi zinavuma, na jirani wa upande wa kusini alikuwa anaandaa shamba la mahindi ya vuli. Iliungua michungwa na safu tatu za mitiki michanga. Nilimlaumu jirani wiki nzima, mpaka alipokuja mjomba wangu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miti. Tukatembea kwenye majivu. Akanionyesha kwa fimbo mstari mweusi mnene uliolala ndani ya shamba langu, sambamba na barabara.

"Mjomba, hizi ndizo nyasi ulizofyeka," alisema. "Umezikusanya upande wako. Moto ulipofika umekuta umeandaliwa kuni."

Ninayoandika hapa ni yale niliyofundishwa siku ile, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kukosea tena. Mifano ni ya Muheza, lakini mtu wa Pangani, Mkinga, Handeni au Bagamoyo hatapata tabu kuyatumia. Wengine huiita mkuza, wengine kinga moto. Mimi nitaiita barabara ya moto, kama wanavyosema watu wa misitu.

Jua kwanza inafanya nini

Moto unahitaji joto, hewa na kitu cha kuungua. Joto la Septemba na upepo huna mamlaka nayo. Kilicho mikononi mwako ni majani tu, basi unayaondoa kwenye mkanda mmoja ili moto ufike hapo ukose cha kula.

Lakini moto wa nyasi uliosukumwa na upepo mkali hurusha cheche mbele yake, na cheche haijali barabara ina mita ngapi. Kwa hiyo usitengeneze barabara ukaenda kulala. Itengeneze ili siku ya moto watu wapate pa kusimama, pa kupita na pa kuanzia kazi. Shamba lenye barabara nyembamba na watu kumi huwa na nafasi nzuri kuliko shamba lenye barabara pana lisilo na mtu.

Zunguka shamba kabla ya kushika panga

Tembea mpaka wote, ukiwa na mtu anayekumbuka mioto ya miaka ya nyuma. Jiulize moto huwa unatokea wapi. Kwetu hutoka kwa anayeandaa shamba, kwa anayewinda ndezi, kwa mchoma mkaa, kwa mrina asali aliyeacha mwenge, na kwa mfugaji anayetaka nyasi changa. Kila mmoja ana upande wake na majira yake.

Kisha fikiria upepo. Kuanzia Juni mpaka Septemba huku pwani zinavuma pepo za kusi, kwa hiyo moto wa miezi hiyo utakujia kutoka kusini au kusini mashariki. Desemba mpaka Machi ni kaskazi, na moto wa Februari, watu wanapochoma wakisubiri masika, utatoka kaskazini mashariki. Hizo ndizo pande za kupanua barabara. Upande wa magharibi unaweza kuwa mwembamba zaidi, isipokuwa kama kuna jambo maalumu huko, kwa mfano tanuri la mkaa.

Angalia pia vitu ambavyo tayari vinazuia moto: barabara ya gari, njia ya ng'ombe iliyokanyagwa hadi udongo, bonde lenye maji mwaka mzima, mwamba. Unganisha barabara yako na hivyo, usianze upya pasipo sababu. Kitu kimoja usikiguse ni kichaka kibichi cha kando ya mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hata kama isingekataza, kichaka kile chenye unyevu kinazuia moto vizuri kuliko utakachokifyeka wewe.

Kama shamba limepakana na msitu wa hifadhi au shamba la miti la serikali, kama ilivyo kwa wenzetu waliopakana na Longuza, usiguse mpaka ule kabla ya kuongea na watu wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Huenda wana barabara yao upande wa pili, na mkikubaliana mkaziunganisha, wote mnapata upana mkubwa kwa nusu ya kazi. Kwa jirani wa kawaida ni vivyo hivyo: kila mmoja atoe mita kadhaa upande wake, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mkonge wa mpakani au bikoni zibaki pale pale zilipo. Nimeona ugomvi wa mpaka ulioanza na barabara ya moto ukafika baraza la ardhi.

Kwenye mwinuko

Waliopo Amani, Lushoto au milimani Korogwe wasome hapa kwa makini. Moto unaopanda mlima huyapasha joto majani ya juu yake kabla haujayafikia, ndiyo maana hukimbia. Kanuni inayotumiwa na wazima moto ni kwamba kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, mwendo wa moto unaopanda huwa takriban maradufu. Kwa hiyo usikate barabara katikati ya mteremko ukitegemea izuie moto unaotoka bondeni. Utafika hapo ukiwa na nguvu zote. Iweke kwenye mgongo wa kilima au nyuma kidogo ya mgongo, pale moto unapoanza kushuka na kupunguza mwendo.

Kwenye mteremko kuna shida nyingine mbili. Gogo linalowaka, au kumbi la nazi, hubingirika na kuvuka barabara. Chimba mfereji mdogo upande wa chini, wenye kingo, ili kinachobingirika kinase humo. Na barabara iliyoparuliwa hadi udongo ikashuka moja kwa moja kama ngazi, masika moja tu huigeuza korongo. Weka matuta ya kukingama, yamelazwa mshazari, ya kutolea maji pembeni kila baada ya hatua chache. Mteremko ukiwa mkali, matuta yasogeleane. Pale ambapo ni mkali sana, usiparue kabisa. Fyeka nyasi zibaki fupi kama zulia na ziondoe zilizokatwa.

Upana

Swali hili huulizwa kuliko yote na halina jibu moja. Mimi naangalia kimo cha nyasi za nje ya shamba. Zikifika magotini, mita tatu mpaka nne zinatosha. Zikifika kiunoni, mita tano au sita. Zikizidi kichwa cha mtu, kama zinavyofanya kwetu baada ya masika nzuri, mita kumi ndiyo mwanzo, na upande wa kusi naongeza.

Tena angalia miti iliyosimama karibu. Majaribio ya moto wa nyasi yaliyofanywa Australia miaka ya 1980 yalionyesha kwamba barabara huvukwa kwa urahisi zaidi panapokuwa na miti ndani ya mita 20 kutoka ukingoni, upande unakotoka moto. Sababu yake ni magome na majani yanayowaka, ambayo upepo huyabeba. Kwa hapa kwetu kitu kibaya kuliko gome ni kuti kavu linaloning'inia kwenye mnazi. Likishika moto, upepo unalichukua likiwaka lote. Minazi iliyo ndani ya mita 20 kutoka barabarani ipandiwe, makuti makavu na vilifu viondolewe.

Upana una gharama yake. Shamba la ekari 5 lenye umbo la mraba lina pande za mita 142 hivi. Ukilizungushia barabara ya mita 5 kwa ndani, umetoa zaidi kidogo ya theluthi mbili ya ekari. Ukiweka mita 10, umetoa ekari 1 na theluthi. Ni ardhi nyingi. Ndiyo sababu nasema upanue pande mbili za upepo na zile nyingine uziache nyembamba, na ndiyo sababu wengine hupanda kitu humo, kama nitakavyoeleza.

Wakati

Fanya kazi hii masika yakishaisha, mwisho wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi na udongo ukiwa laini. Ukisubiri Agosti, jembe linagonga ardhi kama unalima sakafu, na mtu mmoja mwenye sigara anatosha kukuharibia kila kitu kabla hujamaliza. Rudia usafi mwisho wa Agosti, maana majani hupukutika na upepo hujaza takataka. Kisha tena Januari, vuli ikishapita, kwa ajili ya moto wa kabla ya masika.

Ile ya Agosti ndiyo watu wengi huiacha. Mtiki hupukutisha majani kiangazi, na jani la mtiki ni kubwa kama sinia. Barabara safi ya Juni huwa imetandikwa mkeka mkavu ikifika Septemba, na moto hutembea juu yake taratibu mpaka ndani.

Kufyeka na kuparua

Tunaifanya kwa msaragambo, majirani wanne au watano, leo kwako kesho kwangu. Tunapima upana kwa kamba, tunapigilia vigingi kila baada ya hatua 20, halafu tunagawana ngwe. Vifaa ni panga, fyekeo, jembe, reki na shoka moja la visiki. Kazi inakwenda hivi:

1. Fyeka mkanda wote mpaka chini, miti midogo na vichaka pamoja.
2. Toa ulivyofyeka kabla ya kuanza kuparua. Vitupe upande wa nje, mbali na ukingo, uvitawanye, visiwe lundo. Kama jirani hataki takataka zako, basi vibebe mpaka katikati ya shamba ukafanye matandazo, mbali na barabara. Usiviache kwenye ukingo wa ndani. Kosa langu lilikuwa hapo.
3. Katikati ya mkanda, kwa upana wa mita mbili angalau, parua kwa jembe mpaka udongo utokee. Sehemu iliyobaki inaweza kuwa na nyasi fupi, lakini huo mstari wa udongo usiwe na jani hata moja.
4. Ng'oa visiki vikavu na magogo yaliyolala kukatiza barabara. Gogo kavu ni daraja. Kisiki kinachowaka hupitisha moto kwenye mizizi chini kwa chini na kuutokeza upande wa pili baada ya siku kadhaa, wakati watu wamekwishasahau.
5. Okota makumbi na vifuu.

Kwenye hatua ya tatu, jihadhari na motomoto, ile nyasi yenye majani kama visu na mizizi inayochoma mguu. Jina lake halikutolewa bure. Inawaka hata ikiwa nusu mbichi. Ukiifyeka tu, baada ya wiki tatu imerudi. Lazima ichimbwe na mizizi yake itolewe juani ikauke.

Mkanda wa kuchoma

Palipo na pori kubwa upande wa kusi, kuparua mita 20 kwa mkono hakuwezekani. Hapo hutumika njia ya zamani: unaparua mistari miwili myembamba, kila mmoja mita mbili, ikiwa imeachana mita 15 au 20, kisha unachoma nyasi zilizo katikati mapema, mwezi Juni au Julai, kabla hazijakauka sawasawa. Unabaki na mkanda mpana mweusi usio na cha kuungua.

Njia hii ni rahisi na ndiyo hiyo hiyo inayoanzisha mioto ikifanywa na mtu mwenye haraka. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina masharti kuhusu uchomaji, na vijiji vina sheria ndogo zake, kwa hiyo anzia ofisi ya serikali ya kijiji na upate kibali cha maandishi. Waarifu majirani wote siku mbili kabla. Siku yenyewe chagua upepo mwanana. Anza asubuhi umande ukikauka, umalize kabla ya saa tano, maana kuanzia adhuhuri upepo wa bahari huongezeka nguvu. Wengine hupendelea jioni upepo ukishatulia, nami sibishani nao, ila gizani ni vigumu kuhesabu watu.

Anzia pembe ambayo upepo unaelekea. Yaani kama upepo unatoka kusini, washa kwanza kwenye mstari wa kaskazini. Moto utarudi nyuma ukipingana na upepo, polepole, ndimi zikiwa fupi, na mtu anaweza kuupiga kwa tawi bichi. Ukiwasha upande unakotoka upepo umeufungulia mbio, na mstari wako wa mita mbili hautausimamisha. Choma vipande vya hatua 20 au 30 na uhakikishe kimoja kimezimika kabla ya kuwasha kingine. Wawe watu wasiopungua sita, wenye matawi mabichi, reki, na mabomba mawili ya mgongoni yaliyojaa maji. Maji tu, bomba lililokuwa na dawa ya mikorosho lioshwe vizuri kwanza. Nguo ziwe za pamba, si nailoni, na kandambili zibaki nyumbani.

Upepo ukibadilika au ukiongezeka, zima mlipofikia. Kibali hakina maana ya kumaliza siku hiyo.

Barabara yenye mazao

Viazi vitamu hufunika ardhi na kubaki kijani muda mrefu baada ya masika, kwa hiyo mke wangu alidai mita tano za ndani za barabara yetu na amezipanda viazi. Naikubali kwa sharti kwamba vikivunwa, majani makavu yasibaki. Kuna wanaopanda minanasi, kama wafanyavyo watu wa Kiwangwa, na mistari ya mkonge mpakani. Mkonge wenyewe hauwaki kirahisi lakini majani yake makavu ya chini yanawaka, yakatwe. Mikorosho yenye vivuli vilivyoshikana huua nyasi chini yake na baada ya miaka kadhaa huwa kinga nzuri, mradi majani yaliyodondoka yanafagiliwa. Kila zao hapa ni nyongeza. Mstari wa udongo wa mita mbili haupandwi kitu.

Nyumba ya makuti shambani izungushiwe mkanda wake, mita kumi za ardhi iliyofagiliwa, na kuni zisipangwe ukutani.

Siku moto unapokuja

Piga mbiu, na mtu mmoja apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Njia nyingi za mashambani gari halifiki haraka, kwa hiyo msisubiri mkiwa mmekaa.

Gawa watu mafungu mawili. Fungu la kwanza lisimame kwenye barabara likitazama moto. La pili liugeuzie moto mgongo na kutazama shamba. Hawa wa pili hudhani wameonewa, wamenyimwa kazi ya maana. Kumbe ndio wanaoliokoa shamba, kwa kuwa ndio wanaoiona cheche inapoanguka kwenye majani ya mchungwa ikiwa bado ndogo kama ya sigara, na ndoo moja ya maji inaitosha.

Usiende mbele ya moto porini kuufuata. Usisimame juu ya kilima moto ukiwa chini yako. Kila mtu ajue njia ya kutokea kabla ya kuanza, na ikishindikana, sehemu iliyokwisha kuungua ikapoa ndiyo salama. Moto ukiwa na ndimi ndefu kuliko mtu, ondokeni barabarani, mkauvamie kutoka pembeni baada ya kupita, pale unapopungua nguvu. Mitiki hupandwa tena.

Ukishazimika, zunguka ukingo wote ndani ya mita 20. Weka mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kugusa. Panapotoa joto, chimbua, mwaga maji, changanya na udongo, kisha pima tena. Rudia usiku, maana gizani kaa hujionyesha lenyewe, na tena kesho yake mchana upepo ukianza. Mwaka jana kisiki kimoja cha mwembe upande wa bondeni kilitoa moshi mpaka siku ya tatu, nasi tulikizima asubuhi kwa ndoo nne za maji ya kijito.